Kuuliza Bila Kuumbua

Wasichana sita wa vijijini mkoani Mwanza walipimwa, wakakutwa na magonjwa ya zinaa. Wote walikuwa wameshahojiwa kwa dodoso, na mmoja tu kati yao ndiye aliyekuwa amekiri kwamba ameshaanza mapenzi. Katika mahojiano ya kina, kila mmoja alikaa na mtu aliyezungumza naye taratibu, kwa muda mrefu, bila karatasi ya kuweka alama ya vema. Watano wakasema. Mary Plummer na wenzake walichapisha habari hii mwaka 2004 katika jarida la kitabibu, ndani ya makala ya kijasiri: watafiti wanapekua takwimu za mradi wao wenyewe na kuwaambia wasomaji ni zipi za kutilia shaka.

Katika tafiti zote za afya ya uzazi wa vijana ninazozifuatilia, kazi ninayoiheshimu kuliko nyingine ni hii ya kuuliza. Damu huenda maabara na takwimu huingia kwenye kompyuta, lakini kabla ya hapo kuna mtu aliyeendesha baiskeli kwenye njia ya vumbi kwenda kumuuliza binti wa miaka kumi na sita jambo ambalo hata mama yake hajawahi kumuuliza. Mtu huyo akikosea namna ya kukaa, ya kusalimia au ya kunyamaza, hakuna mtaalamu wa takwimu atakayelitengeneza kosa hilo baadaye. Lakini majina ya watu hawa hukaa mwishoni kabisa mwa ripoti, kwenye shukrani, yakiwa yamebanwa kwenye mstari mmoja.

Wepesi wa kusema watasema wale wasichana walidanganya. Mimi naona walifanya walichofundishwa. Tangu utotoni wameambiwa binti mwenye heshima hazungumzi mambo hayo, tena mbele ya mgeni, tena akiwa mwanafunzi. Alipokuja mgeni na karatasi akauliza, walimjibu kwa heshima hiyohiyo. Mtafiti hodari huihesabu kauli hiyo kama ushahidi wa jinsi jamii inavyomlea binti, kisha anatafuta mlango mwingine wa kuingilia.

Mwanza si mahali pageni kwa kazi hii. Kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yaani NIMR, kilicho jijini humo kilikuwa kimeshatikisa dunia ya tiba mwaka 1995. Jaribio lililofanyika vijijini lilionyesha kwamba kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati na vituo vya afya vya kawaida kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Baada ya hapo yakaja maswali kuhusu vijana. Mwishoni mwa miaka ya 1990, NIMR, shirika la AMREF, watafiti wa London na serikali walianzisha mradi wa MEMA kwa Vijana katika jamii 20 za vijijini. Jamii kumi zilipata elimu ya afya ya uzazi kuanzia darasa la tano hadi la saba, wahudumu wa zahanati waliofundishwa kumpokea kijana bila kumfokea, vijana wa hapohapo kijijini waliosambaza kondomu, na shughuli za kuwahusisha wazazi na wanajamii. Jamii kumi nyingine zilikuwa za kulinganishia.

Ili kujua kama elimu hiyo imebadilisha chochote, ilibidi kwanza kujua vijana wanaishije. Hapo ndipo ustadi ulipoanza kuonekana, kwa sababu timu haikuridhika na njia moja. Vijana 9,280 walipimwa na kuhojiwa ana kwa ana kwa dodoso. Vijana 6,079 walijaza dodoso wao wenyewe huku wakisaidiwa. Vijana 74 walifanyiwa mahojiano ya kina. Na watafiti walihamia vijijini, wakaishi na watu kwa muda ambao ukijumlishwa unafika wiki 56. Njia tano, ukivihesabu vipimo peke yake, kila moja ikiwekwa pembeni ya nyingine ili iisute mwenzake.

Na zilisutana kweli. Kati ya vijana ambao vipimo vilionyesha bila shaka kwamba wameshafanya mapenzi, ni asilimia 58 tu ya wavulana na asilimia 29 ya wasichana waliokiri hivyo katika madodoso yote mawili. Wengine walisema ndiyo hapa, wakasema hapana pale. Mtu asiyeipenda kazi yake angezificha namba hizi, au angezichapa kwa herufi ndogo chini ya jedwali. Wao walizifanya kiini cha makala.

Jiweke kwenye darasa ambamo vijana wanajaza dodoso wao wenyewe. Madawati yametenganishwa ili mtu asichungulie kwa mwenzake, walimu wameombwa watoke nje, mtafiti amesimama mbele anasoma swali kwa sauti, na kila mmoja anaweka alama kwenye karatasi yake. Kila kilichowezekana kimefanywa ili kulinda siri. Hata hivyo, kwa mwanafunzi wa shule ya msingi, karatasi yenye maswali ni mtihani, na kwenye mtihani kuna jibu ambalo mwalimu analitaka. Swali la kama umewahi kufanya mapenzi lina jibu ambalo kila mtoto pale analijua kuwa ndilo linalotakiwa. Wapo pia wasiosoma vizuri, ambao hubahatisha namba ya swali lililofikiwa, na wapo wanaotazama kalamu ya jirani inavyokwenda, ndefu au fupi. Dodoso zuri hupangwa kwa kuyajua yote haya. Maswali mepesi hutangulia, mazito hukaa katikati, na kila kijana huwa na idadi ileile ya alama za kuweka, asije akajulikana kwa kuchelewa kumaliza.

Mahojiano ya kina ni kazi nyingine kabisa, na hapa ningependa kukaa kidogo.

Tatizo la kwanza ni salamu. Mtafiti kijana aliyetoka chuo kikuu akifika kijijini, binti atamwamkia shikamoo. Ni adabu, na haiwezi kukataliwa. Lakini anayeamkiwa shikamoo hupewa majibu anayostahili mkubwa, na mkubwa haambiwi habari za mapenzi. Kwa hiyo mhojaji anayejua kazi huitikia marahaba, kisha hutumia saa nzima, au siku nzima, kuushusha ukubwa huo. Anasema, niite dada. Anakaa kwenye mkeka kama wamekaa kwenye mkeka. Anasaidia kupukuchua mahindi ikiwa ndiyo kazi iliyopo. Havai vitu vinavyong'aa. Wasichana huhojiwa na wanawake na wavulana huhojiwa na wanaume, na umri wa mhojaji usiwe wa mama wala wa shangazi.

Kisha mahali. Chumbani ndani panatia shaka: wanafanya nini mle? Chini ya mwembe barabarani kila mpita njia anasikia. Wazoefu hutafuta pale ambapo watu wanaweza kuwaona lakini hawawezi kuwasikia, kwa mfano ukingoni mwa uwanja wa shule baada ya masomo, au nyuma ya nyumba ambapo mama anapita mara mojamoja na ndoo. Kuonekana kunawalinda wote wawili dhidi ya maneno ya watu, na umbali unailinda siri.

Mazungumzo yenyewe huanza mbali. Kwenu mko wangapi? Nani anachota maji? Pamba mwaka huu imekubali? Gulio mnaenda siku gani, na mnaenda na nani? Polepole swali linasogea kwa wengine: wasichana wa rika lako hapa kijijini, mmoja akimpenda mvulana, inakuwaje? Hapo binti anaweza kusema mengi, maana hajisemi yeye. Atasema wenzake hupewa sabuni, mafuta, hela ya maandazi. Atasema wanaoonekana huchapwa. Mhojaji anasikiliza, na wakati mwingine binti mwenyewe ndiye anayehama kutoka "wao" kwenda "mimi", katikati ya sentensi, bila kusukumwa.

Akifika hapo, mtihani unakuwa wa mhojaji. Asishtuke, asitabasamu sana, asiseme pole haraka, wala asiandike kwa pupa kana kwamba amepata alichokuwa anakiwinda. Na binti akinyamaza, naye anyamaze. Nimezungumza na wahojaji wengi, na karibu wote husema kwamba jambo gumu kuliko yote waliyojifunza lilikuwa kuuacha ukimya ukae. Mtu mwenye huruma hutaka kuuvunja, na huuvunja kwa swali lililobeba jibu ndani yake: kwa hiyo wewe hujawahi, eti? Binti anashika kamba hiyo ya wokovu, anasema sijawahi, na mlango umefungwa.

Jioni kazi inaendelea. Mkanda uliorekodiwa unanakiliwa neno kwa neno, Kiswahili na Kisukuma vikiwa vimechanganyika kama vilivyosemwa, pamoja na vicheko, na pale mtu alipopita mazungumzo yakakatika. Saa moja ya mkanda humla mnakili sehemu kubwa ya siku. Hakuna njia ya mkato, kwa sababu mara nyingi jibu halisi limo kwenye "mh" iliyotangulia jibu.

Waliohamia vijijini waliona ambayo hata mahojiano ya kina hayakuyagusa, na makala ile ya 2004 inasema wazi kwamba njia hiyo ndiyo iliyosaidia zaidi kuelewa maisha ya mapenzi ya vijana yalivyo. Hawa walikuwa vijana wa Kitanzania wenye elimu ya chuo. Walipangiwa familia za kukaa nazo, wakaenda shambani, kisimani, kwenye ngoma na kwenye misiba, na usiku wakaandika waliyoyaona na kuyasikia. Mtu akiishi nawe wiki kadhaa, huchoka kujionyesha. Kijana aliyesema kwenye dodoso kwamba hana mpenzi ataonekana jioni anamtuma mdogo wake apeleke ujumbe kwenye nyumba ya tatu. Mtafiti hatamkimbilia kumwambia mbona ulisema huna. Ataandika tu, na wiki inayofuata ataelewa kwa nini alisema hivyo.

Mwaka 2006 Daniel Wight na wenzake walichapisha walichojifunza humo kuhusu kanuni za jamii, na kwangu mimi ni moja ya kazi bora zilizoandikwa kuhusu vijana wa nchi yetu. Walionyesha kwamba vijana hawakuwa wakiishi chini ya kanuni moja. Kulikuwa na kanuni zilizotamkwa na kila mtu: mwanafunzi asijihusishe na mapenzi, msichana alinde heshima yake, na mambo hayo yasizungumzwe hovyo. Chini yake kulikuwa na matarajio mengine ambayo karibu kila mtu aliyashika vilevile: kwamba mapenzi yatatokea tu kama hakuna wa kuyazuia, kwamba mwili wa msichana ni mali anayopaswa kunufaika nayo, kwamba wakati wa sherehe masharti hulegea, na kwamba mvulana hupata sifa kwa kuwa na wapenzi. Mzazi alishika zaidi upande mmoja, kijana upande mwingine, na msichana alivutwa na pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Wanaishije katikati ya hayo? Kwa kuficha. Na hapa watafiti walifikia hitimisho ambalo dodoso peke yake lisingeweza kulitoa. Mapenzi yanayofichwa hayana mshenga, hayana shangazi wa kusuluhisha, na hakuna anayeuliza fulani mbona siku hizi haonekani. Yakikaribia kugunduliwa, huvunjwa upesi. Na kwa kuwa hakuna anayejua, ni rahisi kuwa nayo mawili kwa pamoja. Usiri uliokusudiwa kulinda heshima huenda ndio uliofupisha mahusiano na kuongeza idadi ya wapenzi, na kwa hiyo hatari ya ugonjwa. Wazazi waliokuwa wakichapa ili kumlinda binti walikuwa wakimsukuma, bila kujua, kwenye mahusiano ya gizani yasiyodumu. Kulifikia jambo hilo bila kumlaumu mzazi wala kijana kunahitaji mtu aliyekula nao wote chungu kimoja.

Mwaka 2004, uleule wa makala ya Plummer, ilitoka kazi nyingine kutoka Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza, ambako wakazi wamekuwa wakifuatiliwa na watafiti tangu mwaka 1994. Soori Nnko na wenzake walitumia hesabu ambayo hata mtoto wa darasa la tatu angeielewa. Kila uhusiano una watu wawili. Ukijumlisha wapenzi wote ambao wanaume wa mahali wanasema wanao, na wale ambao wanawake wa mahali hapo wanasema wanao, jumla hizo zinapaswa kukaribiana, ukiondoa wageni wachache. Hazikukaribiana. Je, wanawake wanaficha au wanaume wanajigamba? Swali hilo waliliweka kwenye kichwa cha makala yao, na walilijibu kwa kuchambua kundi baada ya kundi, walio kwenye ndoa na wasio kwenye ndoa, wa ndani na wa nje ya kijiji, kwa uangalifu wa karani anayetafuta shilingi iliyopotea kwenye daftari la mapato. Napenda subira hiyo.

Isidhaniwe kwamba aibu hii ni ya kwetu tu. Uingereza mwaka 1989, serikali ya Margaret Thatcher ilikataa kugharamia utafiti mkubwa wa maisha ya mapenzi ya raia wake, ingawa UKIMWI ulikuwa umeshabisha hodi. Watafiti wakapata fedha kutoka shirika la Wellcome Trust na kazi ikafanyika mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wao nao walilazimika kubuni njia za kumpunguzia mtu aibu: kadi zilizochapwa majibu yenye herufi, ili anayeulizwa aseme herufi tu bila kulitamka jambo lenyewe mbele ya mgeni sebuleni kwake.

Joyce Wamoyi wa NIMR Mwanza aliuendeleza ustadi huu kwa namna yake. Alirudi vijijini na swali lililokuwa likijibiwa kwa haraka mno na watu wa mbali: kwa nini wasichana hupokea fedha na zawadi katika mapenzi? Jibu la haraka lilikuwa umaskini, na ni kweli umaskini ulikuwepo. Lakini katika makala aliyoichapisha na wenzake mwaka 2010 alionyesha sura nyingine pia. Wapo waliotafuta mtaji wa biashara ndogo. Wapo waliotaka mafuta na nguo za kuwafanya waonekane kama wenzao. Na kupewa kitu hakukuhesabiwa kuwa uchafu. Wasichana waliona ni haki yao na ni dalili kwamba mwanamume anawathamini. Anayetaka kumshauri binti aache zawadi anapaswa kujua kwanza kwamba, machoni pa binti huyo na pa rika lake, anamwambia ajishushe thamani.

Mwaka huohuo yeye na wenzake walichapisha utafiti mwingine, kuhusu wazazi. Kwa wiki nane waliishi na watu, wakafanya majadiliano ya vikundi 17 na mahojiano 46. Inasemwa sana kwamba wazazi wa Kiafrika hawazungumzi na watoto wao kuhusu mapenzi. Wamoyi aligundua kwamba katika familia nyingi wanazungumza, tena mama na binti hasa, ila huzungumza kwa kuonya, kutisha na wakati mwingine kuchapa, na huanza pale wanapoona jambo: binti wa jirani amepata mimba, au kuna mtu amezikwa ambaye inasemekana alikuwa na virusi. Mtoto husikia onyo, akajifunza kwamba akiwa na shida mama si mtu wa kumwendea. Utafiti wa namna hii hauhitaji mashine yoyote. Unahitaji mtu wa kukaa jikoni na kina mama hadi kifo cha kijana wa jirani kitajwe, kisha asikilize wanavyokigeuza kuwa somo kwa binti anayepepeta mchele pembeni.

Na MEMA kwa Vijana iliishaje? Matokeo makuu yalichapishwa mwaka 2007. Maarifa ya vijana yalipanda na mitazamo waliyoitaja ilibadilika, lakini vipimo vya maabara havikuonyesha upungufu wa VVU. Timu haikuishia hapo. Mwaka 2007 na 2008 walirudi katika jamii zilezile 20 na kuwapima vijana 13,814 wa miaka 15 hadi 30, wengi wao wakiwa sasa ni wazazi. Ripoti ya 2010 ikasema jambo lilelile: sehemu ya maarifa bado ipo, lakini VVU na malengelenge ya sehemu za siri havikutofautiana kati ya jamii zilizopata elimu na zisizopata. Walichapisha hayo wazi, kwa majina yao, baada ya miaka kumi ya kazi. Kwa kuwa wenzao walikuwa wameishi kule vijijini, waliweza pia kueleza kwa nini: darasa lilimfundisha msichana kusema hapana, lakini halikumpa sabuni, halikumpunguzia mvulana sifa za kuwa na wapenzi wengi, na halikumwondolea yeyote hofu ya kugunduliwa. Baada ya hapo mazungumzo mengi ya afya ya vijana barani yameelekea kwenye jamii inayomzunguka kijana, nami naamini kazi kama hii ya Mwanza imechangia kuyasukuma huko.

Wengine wameendelea kutafuta milango mipya. Marni Sommer alipofanya utafiti kaskazini mwa Tanzania kuhusu kubalehe na shule, aliwaalika wasichana waandike wenyewe kisa cha hedhi yao ya kwanza, bila jina. Visa hivyo vikaingia kwenye kitabu cha Vipindi vya Maisha, ili wadogo zao wasome maneno ya wasichana kama wao. Utafiti wa kimataifa uliojikita kwa watoto wa miaka 10 hadi 14, ambao Nairobi ilikuwa miongoni mwa miji yake, umetumia sana hadithi fupi za kubuni: kuna msichana na mvulana wa darasa moja, mmoja amempenda mwenzake, sasa atafanya nini, na wengine watasemaje? Mtoto haulizwi habari zake. Anaulizwa habari za mtu asiyekuwepo, na katika "wengine watasemaje" anaieleza jamii yake yote. Mwanafalsafa Cristina Bicchieri ameandika kwamba kanuni ya jamii imejengwa juu ya mawili: ninavyoamini wenzangu wanafanya, na ninavyoamini wanatarajia nifanye. Hadithi hizo huyatenganisha mawili hayo bila kumchanganya mtoto.

Sasa ardhi imehama chini ya miguu ya watafiti. Wakati mradi wa Mwanza unaanza, wengi vijijini waliacha kuwa wanafunzi walipomaliza darasa la saba, na baada ya hapo jamii iliwahesabu karibu kuwa watu wazima. Mwaka 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne, na kijana wa miaka kumi na saba au kumi na nane aliyekuwa shambani na labda ameshaoa sasa amevaa sare. Kanuni ya "mwanafunzi haruhusiwi" imenyoosha mkono wake hadi kwa watu wenye ndevu. Mwaka huohuo wa 2016 sheria ya elimu ilirekebishwa, na anayempa mwanafunzi mimba au kumuoa anaweza kufungwa miaka 30. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya mimba wanaweza kurudi shuleni, baada ya miaka kadhaa ya katazo. Kila moja ya mabadiliko haya hubadilisha thamani ya jibu. Zamani binti aliyemtaja mpenzi wake aliogopa fimbo. Leo anajua jibu lake linaweza kumpeleka kijana wa kidato cha tatu mahakamani.

Kwa hiyo maelezo ya ridhaa siku hizi ni marefu na mazito zaidi, na mhojaji mwaminifu huyasema kabla ya swali la kwanza. Nitakayoyasikia sitampelekea mwalimu wala mzazi. Ukiniambia kuna mtu anakuumiza, nitalazimika kutafuta msaada, na utajua kabla sijafanya hivyo. Unaweza kuacha wakati wowote. Kuna watakaoogopa kwa kusikia hayo na kufunga midomo, na takwimu zitapungua. Nadhani ndivyo inavyopaswa kuwa. Ukweli uliochukuliwa kwa ahadi isiyoweza kutimizwa ni wizi, hata ukisaidia sera.

Halafu kuna simu. Sabuni na kanga zilionekana; mama alizikuta chini ya godoro akauliza zimetoka wapi. Muamala wa shilingi elfu tano unaingia kimya na kutumika kimya. Mtafiti aliyeishi kijijini miaka ya 2000 aliweza kujua mengi kwa kuangalia nani anamtuma nani wapi jioni. Wa leo anaweza kukaa sebule moja na kijana siku nzima asijue kwamba uhusiano mzima umeanza, umegombana na umekwisha kwenye kiganja chake. Mbinu ya kuishi na watu haijafa, ila inahitaji macho mapya, na hapo ndipo timu nyingi zimewageukia vijana wenyewe na kuwafundisha kuwahoji wenzao. Vijana hao huletewa dodoso siku ya kwanza ya mafunzo ili walisome kwa sauti. Kabla hawajafika ukurasa wa pili huwa wameshaanza kucheka, wanafuta maneno kwa kalamu, na kueleza ni maswali yapi ambayo hakuna mtu wa rika lao atakayeyajibu jinsi yalivyoandikwa. Mkuu wa utafiti mwenye busara huchukua daftari lake, akaanza kuandika wanachosema.